Nyama Mama Aliyoitoa Mudomoni Mwangu

Nyama ya mbawala ndiyo iliyonirudisha kwetu, si mapenzi. Watu wa Kasongo walionisifu kwamba nimekumbuka ukoo, niliwaacha waseme. Ukweli ni kwamba miaka ishirini na sita sikuukanyaga muji wa wazee wangu, na nisingeukanyaga kama binti yangu asingekataa kipande cha nyama nyumbani kwa watu.

Ni mutoto wangu wa pekee. Mama yake alifia kambini, kule kwenye migodi ya bati. Mimi nilipovunjika muguu wakaniambia kazi yangu imekwisha, tukahamia Kasongo. Nikawa fundi wa kinga, ndizo baiskeli, maana kinga haiulizi fundi wake anatembeaje. Yeye akajifunza kushona kwa masista. Ndipo kijana mumoja wa Wamaza, mufunga vidonda wa hospitali, akamupenda. Nilimupima kwa jicho langu, na jicho langu si jema, sikuona kasoro. Wazee wake wakaja na jembe na kuku wawili, ndiyo kubisha hodi kwetu. Nikapokea. Ikabaki binti aende Wamaza kuwasalimu wakwe.

Siku hiyo walikula kwa mujomba wa kijana. Sahani ya mbawala ikazunguka. Kijana mwenyewe na shangazi zake waliwekewa samaki pembeni, maana ukoo wa baba yake haugusi mbawala. Ni mwiko wao tangu zamani. Sahani ikafika kwa binti yangu. Akasema kwa adabu, kama nilivyomufundisha, "Munisamehe, hata sisi hatuli mbawala."

Aliniambia kwamba mikono yote ilisimama juu ya bukari, ndiyo ugali wetu.

Kwetu, nyumba mbili zikikataa nyama moja, hizo ni tumbo moja mupaka wazee waonyeshe vingine. Na watu wa tumbo moja hawaoani. Baba ya kijana alikuja kwangu mwenyewe, mutu mupole, akakaa kwenye kiti changu kibovu katikati ya magurudumu, akasema hanikatai. Anataka kujua kitu kimoja tu: mwiko ule tuliupata kwa nani. Kama tuliupata kwao, watoto hawa ni kaka na dada. Kama tuliupata kwingine, harusi iko. Angengoja mupaka mupunga ukatwe.

Nilichokuwa nacho ni vidole viwili vya mama yangu ndani ya mudomo wangu. Nilikuwa mudogo, labda miaka mitano au sita. Jirani alinipa kipande cha nyama, nikawa nimeanza kutafuna. Mama akaja mbio, akaingiza vidole, akaitoa, akanipangusa ulimi kwa ncha ya nguo yake. Hakunipiga. "Mbawala hapana," alisema, ndiyo maneno yote. Akafa kabla sijafikia akili ya kuuliza. Baba simukumbuki hata sura. Basi nikaishika mbawala kuwa mwiko, nikamupa binti yangu kama urithi, maana urithi mwingine sikuwa nao.

Wenye kujua walikuwa wazee wangu, ng'ambo ya Lusangi, kwenye njia ya Kabambare. Na hao ndio niliokuwa nimewafanya adui.

Nitaandika waliofanya nipelekwe migodini. Majina siyaweki, maana wajukuu zao wananiletea kinga zao nizitengeneze na wananisalimu vizuri. Lakini mutu wa kwetu akisoma atawajua. Wa kwanza ni muzungu wa Leta, ndiyo serikali, aliyekaa kwenye kiti cha kukunja, akasema kila muji utoe wanaume watatu wa migodi. Wa pili ni sultani wetu, mwenye medali kifuani, aliyeiruka miji ya wake zake akatubebesha sisi. Wa tatu ni muzungu wa kampuni, aliyetushika mikono na kufungua midomo yetu kama mutu anayechagua mbuzi. Wa ine ni baba mukubwa wangu, kaka ya baba yangu. Alikuwa na wana wawili, wote wakubwa kuliko mimi, wote wenye nguvu kuliko mimi. Mimi nilikuwa yatima niliyekula kwake. Walipofika kwenye nyumba yetu aliniwekea kiganja mugongoni, akanisukuma mbele. "Huyu," alisema.

Kiganja hicho nimekibeba miaka yote. Siku udongo ulipotuangukia shimoni, nilikisikia mugongoni. Tulioingia asubuhi ile tulijaza njia. Tuliotoka tulienea kwenye mukeka mumoja.

Kwa hiyo niliposema nitaenda, binti yangu hakuamini. Tulienda yeye akitembea, mimi nikiegemea kinga yangu kama fimbo ya chuma. Siku ine. Huku pamba, huku pamba, na watu wameinama ndani yake, na kapita, musimamizi, amesimama juu yao. Kila nilipotaka kurudi nilisema muguu unauma. Binti akanijibu kwamba muguu huohuo ndio utakaouma kwa kurudi. Basi nikaisukuma kinga.

Tulifika asubuhi. Shangazi yangu, dada ya baba, alikuwa amekaa kwenye barza ya nyumba yake akimenya karanga kwa kupapasa, maana macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Nikamuambia mimi ni nani.

"Mutoto wa ndugu yangu alikuwa na miguu miwili," akasema. "Wewe ninakusikia una mumoja na nusu."

"Nusu ingine niliiacha kwa Wabeleji, shangazi."

Hakucheka. Vumbi la njia lilinikaa kooni, nikakohoa. Akaacha karanga. Akaniambia nikohoe tena. Nikakohoa, mutu muzima, kama mupumbavu, mbele ya binti yangu. Akasema hicho ndicho kikohozi cha baba yangu: akirudi kutoka pori alikohoa hivyohivyo, mara mbili na kunguruma kidogo, ili muke wake aweke maji motoni. Ndipo akalia. Nami nikapata kitu cha kwanza cha baba yangu katika maisha yangu yote, na kumbe nilikuwa nacho kooni.

Kisha akamuita binti, akamushika mikono, akamupapasa mabega. "Na huyu muke-mwenzangu umenitolea wapi? Mabega haya yatabeba maji ya nyumba mbili."

Kwetu bibi na mujukuu ni wake-wenza wa utani. Binti akamujibu kwamba wasianze kugombana, mume mwenyewe haiko bado, amezuiliwa na mbawala. Hapo nikaeleza yote.

Shangazi alisikiliza mupaka mwisho. "Mbawala? Nani aliwaambia? Baba zetu walikula mbawala mupaka ngozi. Sisi mwiko wetu ni kambale."

Kambini walitupa kambale wa kukauka kila Jumamosi. Shangazi akauliza kama nimekula.

"Miaka kumi na tisa, shangazi."

Alicheka mupaka karanga zikamwagika kwenye barza. "Basi usiwasingizie Wabeleji muguu wote," akasema.

Lakini mbawala ilitoka wapi? Kama ilitoka upande wa mama yangu, basi tumbo la mama yangu laweza kuwa lile la Wamaza, na binti yangu amekwisha poteza mume. Shangazi hakujua. Miaka ile alikuwa ameolewa mbali, aliporudi mujane mambo yalikuwa yamepita. Akaelekeza kidevu upande wa pili wa uwanja. "Anayejua ni mama mukubwa wako. Yeye na mama yako walikuwa jiko moja."

Ilikuwa hatua ishirini. Nilikuwa nimemuona tangu tunafika, mujane wa baba mukubwa, ameinama kwenye kinu chake, hakuinua kichwa. Baba mukubwa mwenyewe alikufa zamani. Nilikuja na maneno ya miaka ishirini na sita tayari mudomoni, nikakuta mwenye kuambiwa iko kaburini. Yalibaki maneno na mujane. Na mimi kambini nilikuwa nimeapa kwamba sitakula tena kitu kilichopikwa katika nyumba ile.

Siku mbili sikwenda. Nilikaa kwa shangazi nikikaza nyororo ya kinga ambayo haikulegea. Binti yangu hakuningoja. Alivuka uwanja siku ileile, akachukua muchi wa pili, wakatwanga mupunga kwenye kinu kimoja, huyu anashusha, yule anapandisha. Hawakusema mengi. Nilisikia mapigo yao na nilikasirika kwamba yanapatana vizuri hivyo. Muchana wa pili akaja kusimama mbele yangu na pumba kwenye nywele.

"Baba, ulikuja kumutafuta nani? Aliyekusukuma amekufa. Mimi niko hai."

Kesho yake asubuhi nikavuka.

Mama mukubwa hakuniambia kaa, nikakaa. Hakuniuliza habari za miaka. Alianza na vita, ile ya kwenda Tabora kupigana na Wadachi, wakati Leta ilipokamata wanaume kubeba mizigo. Asubuhi waliyofika kwetu, baba yangu alikuwa ametoa mbawala mutegoni. Nyama iko motoni, askari hao mulangoni. Hawakumuacha hata aonje. Wakamutwika sanduku kichwani. Akageuka nalo, shingo imekaza, akamuambia mama yangu, "Uniwekee fungu langu, nitalikuta."

Kwetu muke wa mutu aliye safarini anamuwekea mumewe fungu juu ya jiko, kwenye dari ya moshi, na nyama aliyomuwekea, yeye na watoto hawaigusi mupaka mume arudi ale. Mara nyingi ni siku tatu, siku tano; mutu amekwenda Nyangwe kubadilisha mafuta kwa samaki, anarudi, anakula, kumekwisha. Mama aliweka fungu la mbawala, akajifunga yeye na mimi. Baba hakurudi. Wenzake wachache walirudi. Hakuna aliyeleta nywele zake wala kucha zake, hakuna aliyesema nilimuzika mimi. Basi hakuliliwa. Na mutu asiyeliliwa iko njiani. Kunieleza sababu ya mbawala kungekuwa kusema kwamba baba amekawia kupita kiasi, na hilo mama hakutaka kulitia mudomoni. Akasema "hapana," akafa nalo.

Mama mukubwa akasimama, akaingiza mukono kwenye dari ya moshi, akashusha kitunga kidogo, cheusi kama chungu cha zamani. Ndani kulikuwa na vitu kama makaa, na mufupa mumoja. Nyumba ile ilijengwa upya mara ine, alisema, na mara zote ine alikitoa kitunga kwanza kabla ya vyungu. Mume wake alitaka kukitupa. Alimukatalia.

"Mama yako aliniachia vitu viwili," akasema. "Hiki nilikitunza."

Nikangoja. Alikuwa anaangalia moto.

"Wewe sikukutunza. Watu wanasema ni mume wangu. Mukono ulikuwa wake. Jana yake mimi ndiye niliyemuambia, toa yule asiye na mama wa kumulilia."

Nitaandika kama ilivyokuwa: nilitaka kumupiga na kile kitunga. Nilisimama, muguu ukanikatalia, nikakaa tena. Naye hakujikinga. Wana wake wawili aliowaficha nyuma yangu, mumoja homa ilimuua akitengeneza njia ya Leta, mwingine alikwenda Kindu na hakutuma habari tena. Hayo hakunieleza yeye, alinieleza shangazi baadaye. Yeye alisema neno lile moja, akachukua ungo, akaendelea kupepeta muchele. Kwa hiyo kwenye hesabu yangu ya waliofanya ninamuongeza wa tano. Na huyu peke yake ndiye aliyejitaja. Wale ine, hakuna.

Shangazi akasema kazi iliyobaki ni yangu. Upande wa mama hakuna mwiko wa mbawala, mama mukubwa alithibitisha, maana yeye na mama walizaliwa muji mumoja. Kule hawali tumbili. Lakini mbawala tuliyofungiwa lazima ifunguliwe, au wakwe wataona tena binti anasukuma sahani. Aliyefunga amekufa, anayefungua ni mutoto wake. Fungu lizikwe, baba aliliwe, mimi nile mbawala mbele ya watu.

Ilikuwa rahisi kusikia. Ugumu wake niliuona hapohapo, mimi niliyedhani simungoji mutu yeyote duniani. Kila mara niliposukuma sahani ya mbawala, kambini, Kasongo, kila mahali, nilikuwa nikimuwekea baba fungu lake. Nikila, ni mimi nitakayesema hatarudi. Nikikataa, binti yangu atakaa akingoja kama mama.

Nikakohoa, mara mbili. Nikasema mbawala itafutwe.

Muwindaji aliileta siku ya tatu. Kitunga tulikizika asubuhi, pembeni ya kaburi la mama, na shimo nilichimba mwenyewe, nimezoea. Wanawake watatu wazee wakamulilia kwa sauti mutu aliyetoka na sanduku kichwani miaka arobaini nyuma. Vijana wa muji wakaja mbio wakiuliza nani amekufa. Shangazi akawaambia wakae chini, wavue kofia, ni babu yao amefika.

Kupika alipika mama mukubwa, maana shangazi haoni, na desturi inamutaka yule aliyekuwa jiko moja na aliyefunga. Tonge la kwanza ni yeye anayekutia mudomoni. Nilifikiri kukataa. Niliangalia vidole vyake viwili vikikaribia, vimekauka, vinanuka moshi. Nikafungua mudomo. Nyama ilikuwa ngumu na chumvi imezidi. Nikatafuna mbele ya watu wote, nikameza.

Sikumuambia nimekusamehe. Hakuuliza.

Binti yangu alikula fungu lake, akaongeza lingine, kisha akaniangalia kwa hasira kabisa. "Baba, ndicho ulichoninyima miaka yote hii?"

Ilibaki Wamaza. Jambo kama hili halisemwi na aliyelisikia; linasemwa na aliyekuwepo. Aliyekuwepo ni mumoja, na miguu yake haikuweza safari. Nikafunga majani ya mugomba kwenye kibebeo cha nyuma cha kinga, nikatandika gunia juu, nikamuketisha mama mukubwa, nikaanza kusukuma. Binti mbele na muzigo, mimi ninachechemea, yeye amejishikilia kwangu asianguke, kiganja chake mugongoni mwangu, palepale.

Njiani alianza kunieleza mambo ya baba bila kuulizwa. Kwamba alitega mitego kwa mukono wa kushoto. Kwamba aliimba vibaya sana wakati wa kupalilia, mupaka wanawake wakamupa shamba la mbali. Kwamba siku niliyozaliwa alikimbia mutoni kuchota maji, jambo ambalo mwanaume kwetu hafanyi, akaanguka, akavunja mutungi, akarudi amelowa na kipande cha shingo ya mutungi mukononi. Kila tulipopumzika nilimuambia arudie lile la mutungi.

"Nimekwisha sema mara mbili."

"Sema ya tatu, mama."

Lile neno lilinitoka bila "mukubwa" yake. Mimi na yeye tukafanya kama hatukusikia.

Wamaza walituketisha uwanjani kwa mujomba wa kijana, palepale mikono iliposimama. Mama mukubwa alisema yote, hata neno lile alilomuambia mume wake, nikashangaa, maana halikuwa la lazima. Baba ya kijana aliuliza bibi zangu wamezikwa wapi, akajibiwa. Akauliza mwiko wa kweli. Akajibiwa kambale kwa baba, tumbili kwa mama. Akaamuru sahani ya mbawala iletwe. Ikapita mbele ya shangazi za kijana, wakaikwepa kwa magoti. Ikafika kwa binti yangu. Akachukua kipande kikubwa kupita adabu.

Kijana alikuwa pembeni na samaki wake, anamuangalia anavyotafuna. Binti akachungulia sahani yake. Samaki alikuwa kambale.

"Huyo mimi siwezi," akasema.

Wazee wakaangaliana. Baba ya kijana ndiye aliyecheka kwanza. "Basi muwe na vyungu viwili," akasema. "Nyumba yenye chungu kimoja ndiyo niliyokuwa ninaiogopa."

Mupunga ulikatwa juma lilelile, na tarehe ya harusi ikasemwa. Nikamurudisha mama mukubwa kwake kwa kinga ileile. Kwenda Wamaza tulitumia siku mbili. Kurudi tulitumia tatu. Nilimuambia ni muguu.